Babu wa Wenela, Ulysses wa Johannesburg, na opera ninayotamani kuiona

SEHEMU YA 1: Ile picha ya kijivu

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata neno moja. Najua niliahidi wiki hii tuongee uji wa lishe. Uji utasubiri kidogo. Leo nina kitu cha moyoni, na kama kawaida yetu ya mwisho wa mwezi, ni historia. Ni ndefu, nimeigawa sehemu tano, kwa hiyo mlaze mtoto kwanza.

Tuanzie mahali mnapopajua. Kila mama aliyepita kliniki miaka hii anaijua picha ya ultrasaundi. Nyeusi, kijivu, vidoa vyeupe vinavyotetemeka. Unaambiwa "huu hapa mgongo, pale moyo unadunda", na wewe unaona ukungu tu, ila machozi yanakutoka hivyo hivyo. Picha hizi wala hazina umri mkubwa. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Scotland, walichapisha za kwanza mwaka 1958. Eksirei ni bibi yake: Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895 kule Ujerumani, na picha iliyompa jina ni ya mkono wa mke wake, mifupa inaonekana na pete iko kidoleni.

Sisi wa wodini tunashika picha hizi kila siku mpaka tumeacha kuziangalia. Tunatafuta tatizo, tukilipata tunaandika, tunaweka kwenye faili. Lakini kuna mchoraji mmoja wa Afrika Kusini, William Kentridge, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955, ambaye huchora kwa mkaa. Yeye aliziangalia picha za hospitali akaona zinafanana na michoro yake: weusi, kijivu, na kitu kilichojificha ndani. Akazichukua akaziweka kwenye opera.

Kwa ambao hawajawahi kuona opera: ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba mwanzo mpaka mwisho, na wapigaji vyombo wapo palepale. Fikirieni taarabu ambayo kila mwimbaji ni mhusika wa hadithi, na hadithi hiyo haiishi mpaka saa mbili au tatu zipite.

Hiyo opera ndiyo ninayoitamani. Niliona vipande vyake vya dakika chache kwenye simu, zamu ya usiku, wodi imetulia, na nilipomaliza ilibidi nitoke nje nikae kwenye benchi. Kisa chake kinamhusu babu yangu. Nitafika huko, nivumilieni.

SEHEMU YA 2: Mtoto wa muuza dawa

Opera yenyewe Kentridge hakuitunga. Ni ya zamani sana, na mtunzi wake ni Claudio Monteverdi, Mwitaliano, aliyezaliwa Cremona mwaka 1567. Baba yake alikuwa muuza dawa na mtibabu. Kwa hiyo jamani, ni mtoto wa nyumba yenye harufu ya dawa, kama watoto wetu sisi manesi. Mke wake, Claudia, alikuwa mwimbaji, akafariki mwaka 1607 na kumwachia watoto wawili wa kiume bado wadogo. Mmoja wao alikuja kuwa daktari. Baadaye Monteverdi alihamia Venice, na akiwa huko tauni ya mwaka 1630 na 1631 ikapiga mji na kuua maelfu kwa maelfu. Yeye akapona.

Mwaka 1637, hapo hapo Venice, ukafunguliwa ukumbi wa San Cassiano, ambapo kwa mara ya kwanza mtu yeyote mwenye hela ya tiketi aliweza kuingia kuangalia opera. Kabla ya hapo zilikuwa mambo ya majumba ya wakubwa. Monteverdi alikuwa mzee, na angeweza kupumzika. Badala yake, mwaka 1640, akiwa na zaidi ya miaka 70, alitoa opera kuhusu Ulysses kurudi nyumbani.

Hadithi ni ya Wagiriki wa kale. Ulysses anakwenda vitani, vita vinachukua miaka 10. Njia ya kurudi, kwa misukosuko ya bahari, inachukua miaka mingine 10. Nyumbani kabaki mkewe Penelope na mtoto wa kiume aliyeachwa mchanga. Wanaume wamejaa sebuleni wanakula mali na kumwambia: huyo kashakufa, chagua mmoja wetu. Anakataa. Miaka 20.

Niwaambie mambo matatu ya opera hii yanayonigusa mimi kama nesi.

La kwanza ni mwanzo wake. Kabla hata hadithi haijaanza anatokea mhusika anayeitwa Udhaifu wa Binadamu. Anaimba, na Muda, Bahati na Mapenzi wanamcheka kwa zamu, kila mmoja akijigamba jinsi anavyomtesa. Yaani mtu wa kwanza kuonekana ni mgonjwa.

La pili ni mama mzee anayeitwa Ericlea. Huyu ndiye yaya aliyemlea Ulysses tangu mchanga. Ulysses anarudi amejigeuza ombaomba, hakuna anayemjua, ila Ericlea anaona kovu la zamani alilojeruhiwa na nguruwe mwitu, na hapo hapo anajua ni nani. Sasa aseme au anyamaze? Ana wimbo mzima wa kujiuliza hilo. Manesi wenzangu, mnalijua hilo swali. Ukishajua siri ya mwili wa mtu, ulimi unakuwa mzito.

La tatu ni Penelope mwenyewe. Mume karudi, kasimama mbele yake, kila mtu anamwambia ni yeye, naye anakataa. Ameshadanganywa sana. Anakubali pale tu Ulysses anapotaja kitu ambacho hakuna mwingine angekijua: shuka la kitanda chao cha ndoa, na picha iliyofumwa juu yake.

Kumbukeni hilo shuka.

SEHEMU YA 3: Kitanda cha Johannesburg

Mwaka 1998, mjini Brussels, Kentridge aliionyesha opera hii kwa mara ya kwanza kwa namna yake, pamoja na kundi la Handspring la Afrika Kusini. Handspring ni watengenezaji wa wanasesere wa mbao, wale wanaochezeshwa kwa mikono. Kila mhusika ana mwanasesere, na mwanasesere ana watu wawili pembeni: mmoja anamchezesha, mwingine anamwimbia. Wote wawili unawaona. Wanainamia ule mti kama sisi tunavyoinamia mtoto mchanga. Watu wa Handspring husisitiza sana pumzi: mwanasesere akionekana anapumua, mtazamaji anaamini yuko hai. Mimi nimefundishwa kuhesabu pumzi za mgonjwa dakika nzima bila kudanganya, kwa hiyo sina la kuongeza hapo.

Na Ulysses yuko wapi? Kalala kwenye kitanda cha hospitali, Johannesburg, karne ya 20 inaisha. Mgonjwa mahututi. Bahari, vita, na safari yote ni mambo yanayompitia akiwa kitandani. Jukwaa limejengwa nusu duara, kama vile vyumba vya zamani vya Ulaya ambako wanafunzi wa udaktari walikaa kwa ngazi kuangalia maiti ikipasuliwa. Nyuma kuna kitambaa cha picha, na juu yake inapita michoro ya mkaa ikichanganyika na picha za ndani ya mwili: eksirei, ultrasaundi. Safari ya baharini inakuwa pia safari ndani ya mishipa na viungo vya mgonjwa.

Wazo hilo halikumjia ghafla. Miaka miwili kabla, mwaka 1996, alitengeneza filamu fupi ya michoro ambayo jina lake kwa Kiswahili chetu cha wodini ni Historia ya Lalamiko Kuu. Wenzangu mmecheka, najua. Ndicho tunachoandika ukurasa wa kwanza wa faili: kilichomleta mgonjwa, na kilianza lini. Katika filamu hiyo tajiri mmoja wa kubuni, Soho Eckstein, amelala hospitali hajitambui, madaktari wamemzunguka, na picha za ndani ya mwili wake zinaonyesha mambo aliyoyaona na kuyafumbia macho. Muziki wake pia ni wa Monteverdi. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilianza kusikiliza ushahidi wa yaliyotendwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Nchi nzima ilikuwa inaulizwa: lalamiko lako kuu ni nini, na lilianza lini?

Nyumbani kwao Kentridge swali hilo lilikuwepo zamani. Baba yake, Sydney Kentridge, alikuwa wakili, na mwaka 1977 aliisimamia familia ya Steve Biko kwenye uchunguzi wa kifo chake. Biko aliwahi kusomea udaktari. Alikamatwa, akaumizwa kichwa akiwa mikononi mwa polisi, akasafirishwa uchi nyuma ya gari zaidi ya kilomita 1,000, akafariki Pretoria tarehe 12 Septemba 1977. Kabla ya safari hiyo daktari alikuwa amemwona na kuandika kwamba haoni kitu chochote kisicho cha kawaida. Hakimu akaamua hakuna wa kulaumiwa.

Mama zangu, nesi akisoma hivyo analala vibaya. Karatasi inaweza kusema uongo juu ya mwili uliolala pale pale.

Sasa sikilizeni jinsi Kentridge anavyotengeneza filamu zake. Hachori karatasi mpya kila mara. Anachora moja kwa mkaa, anaipiga picha, anafuta sehemu ndogo, anachora upya, anapiga tena. Mkaa haufutiki ukaisha. Kila kilichofutwa kinaacha kivuli. Mtu akitembea kwenye filamu yake, nyuma yake unaona kijivu cha pale alipokuwa.

Na sisi wodini tumefundishwa vivyo hivyo: ukikosea kwenye faili, usifute. Piga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, weka sahihi. Ni marufuku kuficha kilichokuwepo.

SEHEMU YA 4: Blanketi

Sasa babu.

Sisi kwetu ni Rungwe. Wazee wa huko wote wanajua neno Wenela. Lilikuwa shirika la kuandika vijana kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na jina ni kifupi cha Kiingereza kilichokaa vizuri mdomoni mpaka likawa neno letu. Kijana anakwenda Wenela, maana yake hatumwoni leo wala kesho. Miaka ya 1950 wengi walikwenda kutafuta hela ya kodi, ya ng'ombe wa mahari, ya bati la nyumba. Baada ya Uhuru serikali yetu ikaifunga njia hiyo.

Babu aliondoka mwaka 1954 akimwacha bibi na mtoto wa miezi minne, ambaye ni mama yangu. Alirudi mwaka 1961. Katikati alikuwa akimaliza mkataba anachukua mwingine. Barua zilikuja chache. Bibi alilima, akauza ndizi, akamlea mtoto, akakataa wanaume wawili ambao majina yao aliyakumbuka mpaka uzeeni na aliyataja akicheka. Miaka saba hiyo haijaandikwa popote. Wenela walikuwa na daftari la babu. La bibi hakuna.

Babu alirudi na sanduku la bati, na blanketi zito la sufu alilomnunulia bibi, na kikohozi.

Nesi nawaeleza: mgodini jiwe likitobolewa linatoa vumbi la silika. Linaingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu ambayo hayaondoki, hata mtu akiacha kazi. Ndiyo silikosisi. Mapafu ya namna hiyo TB huyaingia kirahisi. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kuwalipa wachimbaji wa dhahabu waliougua, ila yanahesabu waliofanya kazi kuanzia Machi 1965. Babu alisharudi zamani.

Mwaka 2001 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, niko wodini kwa mafunzo, na babu akalazwa wodi hiyo hiyo. Sista aliyekuwa ananifundisha aliinua filamu ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Vidoa vyeupe vidogo vidogo, vimejaa juu, kulia na kushoto. Akaniuliza, "Mzee alifanya kazi gani?" Sikuwa nimemwambia ni babu yangu. Nilijikuta kama yule Ericlea: kovu nimeliona, nimelitambua, na ulimi umekwama.

Siku za mwisho hewa haikumtosha na akili ikawa inakwenda na kurudi. Alikuwa anaongea Fanakalo, ile lugha ya migodini, akiamrisha watu ambao sisi hatukuwaona. Bibi alikaa kwenye kigoda pembeni, alikuwa amemfunika kwa lile blanketi la sufu, limechakaa lakini zima.

Jioni moja babu akalishika ukingo, akalipapasa muda mrefu. Akamgeukia bibi, na kwa Kinyakyusa safi akamuuliza, "Mama, hili blanketi nimemnunulia mke wangu. Wewe umelipata wapi?"

Bibi akamjibu, "Kanipa mwenyewe."

"Ukimwona mwambie narudi."

"Nitamwambia."

Akamfunika vizuri mabega, akakaa. Babu alifariki kesho yake alfajiri.

SEHEMU YA 5: Kwa nini naitamani

Basi miaka mingi baadaye, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikamwona mzee wa mbao kalala kitandani Johannesburg, kifua kinapanda na kushuka, na watu wawili wameinama juu yake. Nikasoma hadithi. Nikafika kwenye shuka la kitanda. Ndipo nikatoka nje kwenye benchi.

Kwa Penelope, shuka ndilo lililomthibitisha mume. Kwetu ilikuwa kinyume: babu alilitambua blanketi, hakumtambua aliyelishika. Na bibi hakugombana naye. Alikubali kupokea ujumbe wake mwenyewe. Nimeuguza watu zaidi ya miaka 20 sasa, na sijaona kazi ya uuguzi iliyofanywa vizuri kuliko ile, na aliyeifanya hakuwa na cheti.

Kuna filamu nyingine ya Kentridge, ya mwaka 1991, inaitwa Mgodi. Yule tajiri Soho yuko kitandani asubuhi na sinia la kifungua kinywa. Anabonyeza kichujio cha kahawa, na kichujio kinashuka, kinatoboa sinia, kinatoboa kitanda, kinaingia ardhini mpaka chini walipo wachimbaji. Nikiiona najua kule chini ni akina nani. Ila kichujio kingeendelea kushuka na kwenda kaskazini, kingemtokea mwanamke wa Rungwe na mtoto mgongoni, anauza ndizi, anangoja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo Penelope ananiimbia.

Mtaniuliza, si uangalie hivyo vipande vya kwenye simu vikutoshe? Havitoshi. Ultrasaundi ukiiona kwa picha uliyotumiwa ni tofauti na kulala pale ukasikia moyo wa mwanao unadunda chumbani. Nataka kuwa kwenye ukumbi mmoja na yule mzee wa mbao. Nataka nione kama nitamhesabia pumzi. Nataka niwaone hao wawili wanaomsaidia kuishi, mikono yao iko wapi, na kama wanachoka. Na nataka kumsikia Penelope anavyokataa kwa sauti halisi, bila spika ya simu, maana bibi yangu alikataa miaka saba na hakuna aliyempigia hata ngoma.

Maonyesho haya yamezunguka Ulaya na Marekani. Tiketi, nauli na viza kwa mshahara wa nesi, hesabu mnaijua. Nina kibubu. Mwanangu mdogo ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu "BABU WA MBAO", na mara nyingine anatumbukiza shilingi mia yake. Mwaka jana kibubu kilivunjwa kwa ada ya shule. Tukanunua kingine.

Bibi alifariki mwaka 2009. Blanketi ninalo mimi. Lina matundu mawili, na upande mmoja rangi imefifia pale vidole vya babu vilipopapasa, au labda ni macho yangu tu. Sijalifua tena tangu alipofariki bibi, na nyie msije mkanisema hapa mambo ya usafi, nalianika juani.

Ombi langu kwenu ni moja. Jumapili mkienda kwa bibi, au mkimpigia simu, muulizeni alimngoja nani, na alingoja muda gani. Muulizeni na waliomtongoza, atacheka. Halafu andikeni, hata nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mkikosea msifute, pigeni mstari mmoja.

Mkitaka, niwekeeni jibu la bibi hapa chini, nitasoma yote nikimaliza zamu.

Jumatatu tunarudi kwenye uji.